Uzi: Ukurasa unapewa huduma, modeli inapata null. Kwenye Wicket nani hudungwa na nani huachwa?

Msimbo_na_Omena (Kisumu) · Jumatatu, saa 3:10 usiku

Wadau hamjambo. Nimelala na hili jambo tangu Ijumaa na sasa naona haya hata kukutana na bosi kwenye ngazi.

Nimerithi mfumo wa Sacco moja hapa mjini. Si mkubwa: wanachama, hisa, maombi ya mikopo, wadhamini, taarifa za mwezi. Umeandikwa kwa Java, nyuma kuna Spring (inayojenga na kuunganisha huduma za mfumo) na mbele kuna Apache Wicket (inayotengeneza kurasa za wavuti). Aliyeuandika alishahama nchi, na ukimpigia anakujibu baada ya siku tatu kwa emoji. Ulikuwa kwenye Wicket 1.4, nikauvuta hadi toleo la 9. Kazi hiyo ilinila wiki kadhaa, tuiache.

Sasa tatizo lenyewe. Kwenye ukurasa wa mkopo nina fildi hii:

```
@SpringBean
private MikopoService mikopo;
```

Haina neno. Naita `mikopo.tafuta(id)`, mkopo unakuja, naonyesha. Sijaandika popote kwamba hiyo MikopoService itoke wapi. Inajileta.

Orodha ya wadhamini ilikuwa humohumo ndani ya ukurasa. Nikaona niitoe iwe klasi yake, maana ukurasa wa afisa mikopo nao unaihitaji. Nikaandika modeli (objekti inayoletea ukurasa data ya kuonyesha) inayorithi LoadableDetachableModel, nikaweka `@SpringBean` ileile, neno kwa neno. Nafungua ukurasa: NullPointerException, yaani fildi ni tupu (null), ndani ya `load()`. Anotesheni (ile alama ya `@`) ipo, fildi ipo, huduma ipo kwenye Spring, lakini hakuna aliyeifikisha.

Nikapita uchochoro. Nikachota bini yenyewe (objekti halisi ya huduma) kutoka ApplicationContext, ghala la Spring, ndani ya konstrakta ya modeli (msimbo unaokimbia objekti ikijengwa), nikaihifadhi kwenye fildi. Ukurasa ukafunguka! Nikaenda zangu nyumbani nikiimba. Asubuhi afisa mikopo akapiga simu: kila akibonyeza kurudi nyuma anaambiwa ukurasa umekwisha muda. Kuangalia logi, NotSerializableException zimejaa kama sisimizi kwenye sukari.

Swali langu ni moja tu. Ukurasa nimeuandika mimi, modeli nimeiandika mimi, anotesheni ni ileile. Mbona mmoja anapewa na mwingine ananyimwa?

---

Kijana_wa_Kondele · Jumatatu, saa 3:22 usiku

Wicket bado iko hai? Mimi nilijua ilizikwa pamoja na simu za tochi.

---

Msimbo_na_Omena · saa 3:25 usiku

Toleo la 10 lilitoka 2024, omera. Saidia au upishe njia.

---

Mvua_ya_Saa_Tisa (Kakamega) · saa 3:58 usiku

Pole ndugu. Hili liliwahi kunitoa jasho, na aliyenifungua macho hakuwa mtu wa kompyuta. Mke wangu ni nesi, kitengo cha akina mama wanaojifungua.

Mtoto akizaliwa hospitalini hatoki mle bila sindano ya BCG. Hakuna anayemwuliza mama. Nesi yuko pale mlangoni pa uzazi, mtoto analia, anadungwa mkono wa kushoto, anafungwa leso, wanakwenda nyumbani. Lakini aliyezaliwa nyumbani kwa mkunga, huko ndani ndani, hana habari na nesi na nesi hana habari naye. Si kwamba amenyimwa. Ni kwamba hakupita pale. Huyo lazima mtu ambebe ampeleke kliniki.

Ukurasa wako umezaliwa hospitalini. Modeli yako imezaliwa nyumbani. Ipeleke kliniki:

```
public class WadhaminiModel
        extends LoadableDetachableModel<List<Mdhamini>> {

    @SpringBean
    private MikopoService mikopo;

    private final Long mkopoId;

    public WadhaminiModel(Long mkopoId) {
        this.mkopoId = mkopoId;
        Injector.get().inject(this);
    }

    @Override
    protected List<Mdhamini> load() {
        return mikopo.wadhamini(mkopoId);
    }
}
```

Huo mstari wa mwisho wa konstrakta ndio kliniki. Kama umetoka 1.4, ukikuta mahali pameandikwa `InjectorHolder.getInjector().inject(this)`, ni kitu kilekile kwa jina la zamani. Kuanzia 1.5 ni `Injector.get()`.

---

Msimbo_na_Omena · saa 4:20 usiku

Imekubali!! Mvua, nikija Kakamega nakununulia kuku mzima, si kipande.

Ila bado sijaelewa. Huyo nesi anajuaje kwamba ukurasa umezaliwa? Mimi ndiye niliyeandika `new MkopoPage(...)`. Spring hakuwepo. Hakuna aliyempigia simu.

---

Nyar_Kano · Jumanne, saa 12:40 asubuhi

Swali zuri kuliko lile la kwanza. Nasubiri Mwalimu, yeye huwa anaamka na haya mambo.

---

Mwalimu_wa_Java (Kisumu) · Jumanne, saa 1:15 asubuhi

Nimeamka.

Vijana, ukitaka kuelewa dipendensi injeksheni (objekti kukabidhiwa huduma inazohitaji badala ya kujitafutia) kwenye fremuweki yoyote, usianze na anotesheni. Anza na kuuliza: nani anatamka `new`, lile neno la kuzaa objekti?

Kwenye Spring ya kawaida, anayetamka ni Spring. Wewe unaandika klasi ya huduma, unasema kwenye konstrakta kwamba inahitaji daftari la mikopo na kitu cha kutuma ujumbe, basi. Spring ndiye mzazi, na kwa sababu ndiye mzazi anaweza kukabidhi kila kitu wakati wa kuzaa. Hilo ndilo wazo ambalo Martin Fowler alilipa jina hili kwenye makala yake ya Januari 2004. Kabla ya hapo watu walikuwa wanaliita kugeuza udhibiti, jina pana mno, likawa linamaanisha kila kitu na halimaanishi chochote.

Sasa Wicket, nayo ya mwaka huohuo wa 2004, iliamua jambo lingine kabisa. Iliamua kwamba komponenti ni objekti ya Java ya kawaida na wewe mwenyewe ndiye utakayetamka `new`. `new Label("jina", modeli)`. `new WadhaminiPanel("wadhamini", modeli)`. Hakuna kiwanda, hakuna faili la kuorodhesha komponenti. Ndiyo raha ya Wicket. Na ndiyo shida yake hapa: mzazi ni wewe, na wewe huna huduma za Spring mfukoni.

Basi waliweka nesi wapi? Waliona kwamba kila komponenti, iwe ukurasa mzima au kitufe kimoja, inarithi klasi moja ya juu kabisa iitwayo Component. Na Java ina sheria isiyo na rushwa: konstrakta ya mtoto haiwezi kukimbia kabla ya konstrakta ya mzazi. Kwa hiyo kila ukisema `new` ya komponenti yoyote, lazima upite ndani ya konstrakta ya Component. Pale ndani Wicket inatangaza kwa programu nzima: kuna komponenti inazaliwa. Wasikilizaji wanasikia. Mmoja wao ni SpringComponentInjector. Fungua klasi yako ya programu, kwenye `init()`, utamkuta:

```
getComponentInstantiationListeners()
    .add(new SpringComponentInjector(this));
```

Huyo ndiye nesi wa Mvua. Anakagua fildi, akiona `@SpringBean` anaijaza.

Modeli hairithi Component. IModel ni kiolesura tu, na LoadableDetachableModel ina ukoo wake mwingine. Haipiti kwenye ule mlango. Anotesheni uliyoweka pale ni sawa na kuandika jina lako kwenye karatasi ukaiweka mfukoni: hakuna aliyeisoma.

---

Kijana_wa_Kondele · saa 2:05 asubuhi

Sawa Mwalimu, hii nimeipenda. Naondoa utani wa jana.

Mimi niko kwenye Angular, fremuweki nyingine ya kurasa za wavuti, na sheria ni ileile, ila mzazi ni Angular. Hakuna mtu anayezaa komponenti kwa `new`, unaandika tagi yake kwenye templeti na Angular ndiye anayeileta. Ndiyo sababu anaweza kujaza konstrakta. Lakini ukitengeneza objekti yako ya kawaida kwa `new` humo ndani na kuitarajia ipate huduma, utangoja sana. Na tangu toleo la 14 la mwaka 2022 tunaweza kutumia `inject()` nje ya konstrakta, lakini lazima iitwe wakati objekti inajengwa. Ukiiita baadaye, kwa mfano mtu akishabonyeza kitufe, unapewa kosa NG0203.

Kwa hiyo hata huku kuna hospitali na kuna nyumbani.

---

Mvua_ya_Saa_Tisa · saa 2:11 asubuhi

Nimwambie mke wangu kwamba mfano wake umefika hadi Angular.

---

Msimbo_na_Omena · saa 4:30 asubuhi

Mwalimu asante. Sasa nifafanuliwe lile la pili. Nilipochota bini mwenyewe nikaiweka kwenye fildi, mfumo uliniadhibu. Injector ikiiweka kwenye fildi ileile, hakuna adhabu. Si ni huduma ileile?

---

Mwalimu_wa_Java · saa 7:20 mchana

Siyo ileile. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa hiyo nitakaa kidogo. Nimekula, nina muda.

Kurasa za Wicket zina kumbukumbu. Mteja akifungua fomu ya mkopo, akajaza nusu, akaenda kuangalia hisa, akarudi nyuma, anaikuta fomu kama alivyoiacha. Inawezekanaje? Kila ombi likiisha, Wicket huuchukua ukurasa mzima pamoja na kila kinachoning'inia ndani yake, komponenti, modeli, fildi za modeli, huugandisha kuwa baiti na kuuandika diskini. Ukirudi nyuma, unayeyushwa. Kama samaki wa friza: akitoka ni yuleyule uliyemweka.

Sasa wewe uliweka nini kwenye friza? MikopoService halisi. Hiyo inashikilia daftari la mikopo, daftari linashikilia chanzo cha miunganisho ya hifadhidata, chanzo kinashikilia soketi zilizo hai. Java ikajaribu kuvuta uzi mmoja, akaja mtumbwi mzima. Huduma hiyo haigandishiki, wala soketi zake, ndiyo maana ukaona NotSerializableException. Ukurasa ulionekana mara ya kwanza kwa sababu ulikuwa bado uko kwenye kumbukumbu. Afisa aliporudi nyuma, Wicket ikaenda kwenye friza, ikakuta patupu.

Na shukuru kwamba ililipuka. Kuna wanaoona kosa hilo, wakaenda kubandika `implements Serializable` kwenye kila huduma hadi logi inyamaze. Hapo ndipo unakuta mfumo unaandika nusu ya mwili wake diskini kwa kila bonyezo la panya, na ukiyeyusha unapata huduma pacha isiyojulikana na Spring. Nimewahi kuitwa kuokoa mfumo wa namna hiyo. Sitasema wa nani.

Injector haifanyi hivyo. Haikupi huduma. Inakupa wakala.

Nendeni pale stejini mtazame kibanda cha wakala wa M-Pesa. Fedha zote za nchi hazimo mle ndani. Kuna mtu, daftari na namba ya wakala. Ukitaka kutoa, anawasiliana na mfumo ulioko kwingine. Kibanda kikihamishwa kesho ng'ambo ya barabara, namba ni ileile na kazi inaendelea. Wakala wa Wicket hali kadhalika: ndani yake mna aina ya huduma na jina la bini, basi. Akigandishwa ni mwepesi. Akiyeyushwa, mara ya kwanza ukimwita anaenda kwa Spring, anaulizia bini ile kwa jina, anaendelea.

Kwa hiyo fildi yako `mikopo` inajidai kuwa MikopoService, lakini si yeye. Ni wakala wake.

---

Menengai_Baridi (Nakuru) · saa 8:02 mchana

Kwa heshima zote Mwalimu, huo ni mzunguko mrefu. Mimi kwenye mfumo wetu wa ushirika wa maziwa nina mstari mmoja ndani ya `load()`:

```
return MaziwaApp.get().bini(MikopoService.class).wadhamini(mkopoId);
```

Hakuna fildi, hakuna wakala, hakuna kliniki. Hakuna kinachogandishwa kwa sababu hakuna kinachohifadhiwa. Unaita ukihitaji. Miaka minne, sijawahi kuona null.

---

Mwalimu_wa_Java · saa 8:40 mchana

Menengai, sina ugomvi na mstari wako. Unafanya kazi, na kwa kugandisha ni salama kweli. Swali ni moja: ukitaka kuijaribu hiyo modeli peke yake, bila hifadhidata, unafanyaje?

---

Menengai_Baridi · saa 8:44 mchana

Nawasha MaziwaApp yote.

---

Mwalimu_wa_Java · saa 8:51 mchana

Hapo ndipo tunapoachana. Mimi naandika hivi:

```
ApplicationContextMock ctx = new ApplicationContextMock();
ctx.putBean("mikopo", mikopoBandia);
WicketTester tester = new WicketTester();
tester.getApplication().getComponentInstantiationListeners()
    .add(new SpringComponentInjector(tester.getApplication(), ctx));
```

Baada ya hapo kila `@SpringBean` inapata huduma bandia, hata ya kwenye modeli, na msimbo wa modeli sikuugusa. Pia nikifungua klasi yoyote, fildi za juu zinaniambia inategemea nini. Kwako lazima nisome hadi katikati ya `load()` ndipo nijue.

---

Menengai_Baridi · saa 9:15 alasiri

Hilo la majaribio nalikubali. La kusoma fildi, ni mazoea tu. Tuendelee.

---

Nyar_Kano · saa 11:30 jioni

Nimerudi kutoka kazini. Kuna njia ya tatu ambayo hamjaigusa, na kwa orodha fupi mimi naipenda zaidi. Tangu Wicket 8 unaweza kutumia lamda (kipande cha msimbo kisicho na jina):

```
IModel<List<Mdhamini>> wadhamini =
    LoadableDetachableModel.of(() -> mikopo.wadhamini(mkopoId));
```

Ukiiandika ndani ya ukurasa au paneli, `mikopo` hapo ni fildi ya komponenti, ambayo imeshadungwa. Modeli yenyewe haihitaji sindano kwa sababu inanyonya kwa mama yake.

Lakini kaka Msimbo, wewe ulisema modeli inatumika na kurasa mbili. Hapo lamda ina mtego. Ili kuifikia fildi `mikopo`, lamda inashikilia `this`, yaani ukurasa mzima. Ukichukua modeli hiyo ukaipa ukurasa wa pili, ukurasa wa pili ukigandishwa unamburura wa kwanza pia. Kila ukurasa unambeba mwenzake mgongoni. Hakuna kosa lolote kwenye logi, diski tu inavimba na sesheni zinakuwa nzito, na hakuna anayejua kwa nini. Modeli za ndani zisizo na jina, zile za mtindo wa zamani, zina tabia hiyohiyo.

Kwa modeli inayosafiri kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine: klasi yake ya pekee, hifadhi `mkopoId` tu, na `Injector.get().inject(this)`. Kwa modeli isiyotoka nyumbani: lamda.

---

Msimbo_na_Omena · saa 2:15 usiku

Dada, hiyo ya kubebana mgongoni nimeikuta sehemu tatu. Nilikuwa nashangaa folda ya kurasa inakulaje diski hivyo na wanachama wenyewe ni wachache.

Stima zimepotea huku, naandika kwa simu. Kesho nitaleta lingine.

---

Mvua_ya_Saa_Tisa · saa 2:19 usiku

Huku mvua imenyesha tangu saa tisa, kama kawaida, na stima zipo. Dunia imepinduka.

---

Msimbo_na_Omena · Jumatano, saa 5:10 asubuhi

Haya. Hili sasa linanivunja moyo kabisa kwa sababu linakataa sheria ya hospitali.

Nina paneli. Ni komponenti halali, inarithi Panel. Ina `@SpringBean`. Imezaliwa hospitalini kabisa. Na fildi ni null!

```
public class HisaPanel extends Panel {
    @SpringBean
    private HisaService hisa = null;
    ...
```

Paneli nyingine kando yake inafanya kazi. Nimewasha upya seva, nimefuta folda ya target, nimeomba.

---

Nyar_Kano · saa 5:24 asubuhi

Futa `= null`.

---

Msimbo_na_Omena · saa 5:31 asubuhi

Umenifanyia uchawi?

---

Nyar_Kano · saa 6:05 mchana

😂 Hakuna uchawi, ni ile sheria ya Mwalimu ya mzazi kwanza, ila safari hii imekugeukia. Java ikijenga HisaPanel inakwenda hivi: inaanza na konstrakta za wazazi hadi juu kwa Component. Pale Component ndipo sindano inapodungwa, kwa hiyo `hisa` tayari ina wakala. Halafu inarudi chini kwa HisaPanel, na kabla ya kuingia kwenye mwili wa konstrakta, inatekeleza maagizo ya fildi. Agizo lako linasema nini? Weka null. Inaweka null. Sindano ilidungwa, ukaifuta mwenyewe kwa mkono wako.

Ukiacha bila `=`, Java haigusi fildi hiyo mara ya pili. Watu wanadhani `private X x;` na `private X x = null;` ni kitu kimoja. Mahali pengi ndiyo, hapa hapana.

Faida yake ni kwamba ukifika ndani ya mwili wa konstrakta ya komponenti, huduma tayari iko. Unaweza kuitumia palepale.

---

Kijana_wa_Kondele · saa 6:20 mchana

Aliyeandika huo mfumo alikuwa na tabia ya kuandika `= null` kila mahali?

---

Msimbo_na_Omena · saa 6:22 mchana

Ni mimi niliyeongeza hiyo. Niliona ni usafi.

---

Menengai_Baridi · saa 6:40 mchana

Kwenye `load()` yangu hakuna cha kufuta. Nasema tu.

---

Kijana_wa_Kondele · saa 7:00 mchana

Swali la mgeni: kwa nini tusiwe na njia ambayo objekti yoyote, hata ikizaliwa porini, inadungwa yenyewe? Nesi atembee vijijini.

---

Mwalimu_wa_Java · saa 9:50 alasiri

Yupo. Spring ina `@Configurable`, na ikisaidiwa na AspectJ inaingilia klasi zako wakati wa kutafsiriwa au wakati wa kupakiwa, ikapachika sindano ndani ya kila `new`. Inafanya kazi. Lakini inakupa bini halisi, haikupi wakala wa Wicket, kwa hiyo kwenye modeli inayogandishwa unarudi palepale pa soketi. Na ikikataa siku moja kwa sababu mtu alisahau kigezo kimoja wakati wa kuwasha seva, utatafuta chanzo hadi ndevu ziote.

---

Msimbo_na_Omena · Ijumaa, saa 4:45 asubuhi

La mwisho, naahidi.

Mwanachama akilipa mkopo kwa M-Pesa, uthibitisho wa malipo unakuja kwenye seva yetu. Unapokelewa na kontrola ya Spring (klasi inayopokea maombi ya mtandao), si Wicket. Nikataka malipo yakiingia, wadhamini wote watumiwe ujumbe. Nikasema orodha ya wadhamini si ninayo tayari? Nikaandika kwenye kontrola:

```
new WadhaminiModel(mkopoId).getObject()
```

Kliniki imo ndani ya konstrakta. Nikapata hii: There is no application attached to current thread. Mteja amelipa, wadhamini hawajui, mimi natoka jasho.

---

Nyar_Kano · saa 5:02 asubuhi

`Injector.get()` haina anwani yake yenyewe. Inauliza: programu ya Wicket inayohudumia uzi huu wa utekelezaji ni ipi? Kisha inamtafuta nesi kwenye programu hiyo. Anayeifungamanisha programu na uzi ni WicketFilter, ombi linapoingia, na anaifungua ombi linapotoka. Uthibitisho wako wa malipo haukupita kwenye filta hiyo. Vivyo hivyo kazi za usiku zinazojiwasha zenyewe. Umempeleka mtoto kliniki siku ambayo kliniki haijafunguliwa.

Kuna njia ya nguvu, `ThreadContext.setApplication(...)`, halafu ukumbuke kuondoa ukimaliza. Usiitumie hapa.

---

Mwalimu_wa_Java · saa 5:30 asubuhi

Naunga mkono, na niulize swali la kizee: modeli ya kuonyesha orodha kwenye skrini imefuata nini kwenye malipo? Kule hakuna skrini.

Kontrola ile inazaliwa na Spring. Mzazi yupo. Mwombe:

```
public MalipoController(MikopoService mikopo, UjumbeService ujumbe) {
    this.mikopo = mikopo;
    this.ujumbe = ujumbe;
}
```

Kisha ita `mikopo.wadhamini(mkopoId)` moja kwa moja. Hakuna `@SpringBean`, hakuna Injector, hakuna wakala, kwa sababu kontrola haigandishwi popote. `@SpringBean` ni ya upande wa kurasa peke yake.

---

Msimbo_na_Omena · Jumamosi, saa 3:30 asubuhi

Wakubwa, nimewasili. Malipo ya jana jioni yalituma ujumbe kwa wadhamini wote, mmoja akapiga simu ofisini kuuliza kama ametapeliwa. Afisa mikopo amebonyeza kurudi nyuma mbele yangu mara sita, kwa makusudi, huku ananitazama. Fomu ilibaki vilevile.

---

Kijana_wa_Kondele · saa 3:41 asubuhi

Ulizipataje zote zilizokosa sindano? Au unangoja zilipuke moja moja?

---

Msimbo_na_Omena · saa 3:55 asubuhi

Nilitafuta kila faili lenye `@SpringBean`, nikatoa zinazorithi komponenti, nikatoa zenye `Injector.get()`. Zilibaki kumi na moja. Tisa ni modeli. Moja ni sesheni, ile inayorithi WebSession. Kumbe nayo si komponenti, nimeipeleka kliniki kwenye konstrakta yake.

Ya kumi na moja ina huduma nne na mistari mia tatu, na hakuna mahali popote inapoitwa. Hiyo nimeifuta.

---

Mvua_ya_Saa_Tisa · saa 4:02 asubuhi

Kuku lini?